Kilwa, maji kupwa na maji kujaa

Ijumaa

Sisi wa Dar es Salaam tunaitaja Kilwa kila siku kwa sababu ya barabara, lakini wengi wetu huishia Mbagala. Safari hii mimi na rafiki yangu wa kazini tuliamua kuifuata Barabara ya Kilwa mpaka Kilwa kwenyewe, karibu kilomita 300 kusini. Tulipanda basi Mbagala Rangi Tatu kabla hapajapambazuka vizuri.

Mkuranga na Kibiti ni nchi ya mikorosho na minazi. Basi likisimama, vijana wanainua vifuko vya korosho za kukaanga hadi dirishani, na mnapatana bei huku gari limeshaanza kujisogeza. Baada ya Ikwiriri ardhi inalala, miti inapungua, halafu unauona Mto Rufiji, mpana, wa rangi ya udongo. Daraja la Mkapa lina urefu wa mita 970 na lilifunguliwa mwaka 2003. Mzee mmoja aliyekaa nyuma yetu alitusimulia jinsi walivyokuwa wakikesha wakingoja kivuko pale Ndundu. Mto ukifurika masika, watu wa Lindi na Mtwara walikuwa kama wako nchi nyingine. Akasema watoto wa siku hizi hawawezi kuelewa kwa nini wazee wa kusini wanalipenda daraja kiasi kile. Nilimwelewa tulipofika Somanga, mahali ambapo Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara na kusini ikajikuta tena peke yake.

Somanga ndipo bahari inapoanza kunusika. Basi halijasimama sawasawa, akina mama wameshafika na masinia: samaki wa kukaanga, ngisi, vipande vya pweza vyenye pilipili na ndimu. Tulikula hapohapo kwenye viti.

Nangurukuru tukaiacha barabara ya Lindi tukaingia ya Kilwa Masoko, mji wa serikali, wa ofisi na bandari ya kina kirefu. Jambo la kwanza ni kibali. Huwezi kuvuka tu kwenda Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu ya mji wa kale. Unalipia na kujiandikisha ofisini, unapewa mtu wa kukuongoza. Yule tuliyepewa ni mzee mzaliwa wa kisiwani, mtu wa maneno machache, naye ndiye aliyetupeleka kwa nahodha.

Nilimwuliza nahodha tuondoke saa ngapi. Hakutazama saa. Aliangalia alama ya maji kwenye nguzo za gati, kisha akatazama juu kuutafuta mwezi.

"Kesho ni bamvua. Saa moja asubuhi tuwe tumeshatweka. Saa nne maji yatakuwa yamekauka kabisa, na kurudi ni saa kumi jioni yakijaa. Mkichelewa asubuhi, mtashuka kwenye matope."

Bamvua ni zile siku za mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida. Basi ratiba yetu yote ya wikendi ikawa imepangwa hivyo, na nakiri sijawahi kupangiwa ratiba yenye akili zaidi ya ile.

Jumamosi

Upepo wa alfajiri ulikuwa haba. Tanga lilining'inia, na baharia kijana akawa anatusaidia kwa pondo mpaka tulipotoka kwenye kivuli cha pwani. Masoko na kisiwa vinatazamana; mlango wa bahari uliopo kati yake ni mdogo, lakini una kina na umekingwa dhidi ya mawimbi pande karibu zote. Ukikaa katikati yake unaelewa jambo la kwanza kuhusu Kilwa: vyombo vingi vingeweza kutia nanga humo bila kuogopa upepo wowote.

La pili lilitoka kwa nahodha, aliyekuwa ameshika usukani kwa mguu. Kusi, upepo wa kusini, inavuma sasa, akasema, itavuma mpaka mwezi wa tisa. Baadaye kaskazi, ule wa kaskazini, inakuja. Zamani majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yaliteremka na kaskazi na kurudi na kusi. Kilwa ndiyo karibu mwisho wa mahali ambapo chombo kingeweza kufika, kikafanya biashara, na kikarudi kwao ndani ya msimu mmoja. Aliyetaka kwenda mbali zaidi hadi Sofala, kulikokuwa na dhahabu iliyotoka nyanda za Zimbabwe, alihatarisha kukwama mwaka mzima. Kwa hiyo watu wa Kilwa wakaenda Sofala wenyewe, wakaileta dhahabu na pembe hadi hapa, wakawauzia wageni kwa bei yao. Utajiri ule wote ulisimama juu ya kuzijua pepo mbili, na huyu bwana bado anazijua kama majina ya wanawe.

Kitu cha kwanza unachokiona ukikaribia ni Gereza, ngome yenye kuta nene iliyo karibu kuingia baharini. Wareno walipofika Julai 1505 wakiongozwa na Francisco de Almeida, waliuteka mji na kujenga ngome yao. Mwaka 1512 wakaiacha. Hii iliyosimama leo kwa sehemu kubwa ni ya Waomani, ya mnamo mwaka 1800. Wageni wengi hupiga picha hapa, wakaenda Msikiti Mkuu, wakarudi Masoko kula. Sioni faida ya kwenda Kilwa kwa saa mbili.

Toka ufukweni njia inapita katikati ya kijiji. Hakuna gari. Nyumba ni za udongo na boriti za mikoko, nyingine za mawe. Watoto wametoka chuoni na mbao zao, wanawake wawili wanasuka ukili barazani. Kila tulipopita mzee wetu alisimama kuamkia na kuamkiwa, habari za nyumbani, za wagonjwa, za kazi, na sisi tukawa tunatoa shikamoo kwa kila mwenye umri. Tulichukua muda mrefu kuliko ramani inavyoonyesha, na ndivyo inavyotakiwa: unapita uani kwa watu.

Msikiti Mkuu uko palepale pembeni mwa makazi. Sehemu ya kaskazini, ya zamani zaidi, ilianza karne ya 11. Sehemu ya kusini, pana kuliko ile, iliongezwa mwanzoni mwa karne ya 14 na kujengwa upya karne ya 15. Unaingia ndani ya safu za nguzo na matao, na juu yako ni kuba na mapaa ya mviringo, mengine yamefunguka mbingu inaonekana. Upande mmoja kuna chumba ambacho kuba lake lilikuwa kubwa kuliko lolote Afrika Mashariki mpaka karne ya 19. Nje kuna birika za kutawadhia na mawe ya kusugulia nyayo. Mzee wetu alivua viatu kabla ya kuingia. Hakutwambia nasi tuvue, tulivua.

Alitupeleka karibu na ukuta akaniambia nishike. Jiwe lilikuwa na vijitundu vidogo vyenye umbo la nyota, vimepangana kwa ukaribu. Ni tumbawe. Fundi wa zamani, akaeleza, alikuwa na mawe ya aina mbili. La kujengea ukuta lilichimbwa nchi kavu, gumu, lisilo na umbo. La kuchonga mihrabu, vizingiti na nakshi lilikatwa baharini likiwa bado hai, maana likitoka majini ni laini, linakubali patasi. Likishakaa juani linakuwa gumu na nakshi inabaki. Kwa maana hiyo mchongaji alikuwa akishindana na wakati. Nilipitisha kidole kwenye mstari wa nakshi uliokuwa umelika kwa chumvi, nikawa nafikiria haraka za mtu yule, jiwe linamkaukia mkononi.

Chokaa nayo hutoka baharini. Magogo hupangwa duara, matumbawe yakawekwa juu, moto ukawashwa. Kinachobaki ni lundo jeupe ambalo huachwa lipoe na kulainika kwa mvua na umande kabla ya kutumika. Mzee huyu ameyafanya haya kwa mikono yake. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004 kwa jinsi yalivyokuwa yakibomoka na bahari ilivyokuwa ikila ufuko, na yakaondolewa kwenye orodha hiyo mwaka 2014. Katikati ya tarehe hizo kuna kazi ya watu wa hapa: kufyeka miti iliyoota ukutani, kuchoma chokaa, kuzibua mifereji, kupanda mikoko na kupanga mawe mbele ya ufuko ili mawimbi yapungue nguvu. Saruji, alisema, haipatani na kuta hizi. Inakaza, jiwe la zamani linapasuka pembeni yake. Chokaa inapumua pamoja na ukuta. Watu wanaposema Kilwa ni mji uliokufa, nadhani hawajaongea na mafundi wake.

Saa nne ikafika. Tuliporudi ufukweni bahari ilikuwa imeondoka. Mahali mashua yetu ilipoelea asubuhi palikuwa na mchanga, majani ya baharini na vidimbwi vinavyometa, na huko mbali karibu na ukingo wa mwamba watu walionekana wadogo wadogo, wengi wanawake, kanga zimefungwa viunoni. Mzee alituombea ruhusa kwa bibi mmoja aliyekuwa anashuka na fimbo yenye chuma nchani.

"Njooni, wajukuu zangu, ila mfuate nyayo zangu. Msikanyage ovyo."

Tukamfuata kimyakimya. Alikuwa hatafuti pweza, alikuwa anatafuta mlango wake. Alinionyesha mmoja: shimo lisilozidi ngumi, na mbele yake maganda ya kaa na chaza yamelundikana. Pweza hula, kisha hutupa maganda mlangoni. Kama maganda ni masafi na hayajaota uchafu, mwenyewe yumo. Alichomeka chuma taratibu, akakizungusha, akangoja. Fimbo ikatikisika. Hakuvuta kwa nguvu. Alisubiri mpaka yule pweza akaikumbatia vizuri, ndipo akamtoa kwa mkupuo mmoja, mikono minane imemzunguka hadi kwenye kiwiko, akakishika kichwa na kukigeuza nje ndani. Yakaisha. Kisha akampiga na kumpiga kwenye mwamba, muda mrefu, bila haraka, ili nyama ilainike.

Nilimwuliza kama wanapungua. Akasema alipokuwa msichana hawakuwa wakienda mbali hivi. Sasa wanunuzi wanakuja na ndoo za barafu, kila mtu anashuka mwambani, na wadogo wanachukuliwa kabla hawajataga. Katika vijiji kadhaa vya pwani hii watu wamekubaliana kufunga sehemu za mwamba kwa miezi, wakazifungua pweza wakishakua. Yeye anaona ni jambo la akili mradi wote waliheshimu. Sikuona kitu chochote kisiwani kilichonishika kama yale mashimo na maganda yake. Magofu yanaelezwa vitabuni. Hili lipo kichwani na mikononi mwa wanawake wale, na likipotea hakuna jiwe litakalolitunza.

Maji yalipogeuka alituambia tutoke. Hatukuwa tumeona badiliko lolote. Alilisikia kwenye vifundo vya miguu.

Mchana tulikula nyumbani kwa ndugu wa mzee: wali wa nazi, pweza wa siku hiyohiyo, mchicha. Tulilipia, ila tulipewa kwa namna ambayo ungedhani tumealikwa harusini.

Baada ya adhuhuri tulitembea kuelekea Husuni Kubwa, kupitia mashamba ya mihogo na mibuyu. Jumba hili liko juu ya jabali, limeitazama bahari, na lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14 na Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Lina vyumba zaidi ya mia moja, nyua zilizoshuka chini zenye ngazi za kukalia, sehemu nzima ya maghala ya biashara, na bwawa la pembe nane ambalo umbo lake bado liko wazi kabisa. Halikuwahi kumalizika. Ukisimama kwenye ukingo wa bwawa unaona kwa nini mtu alichagua hapa: upepo wa kusi unakupiga usoni, na chombo chochote kinachoingia mlangoni mwa bahari ungekiona mapema.

Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, wakati wa sultani huyohuyo, na akaandika kisa chake. Sultani alikuwa anatoka msikitini siku ya Ijumaa, fakiri mmoja kutoka Yemen akamsimamisha, akamwomba nguo alizovaa mwilini. Sultani akarudi ndani, akabadili, akampa. Watu walimwita Abu al-Mawahib, baba wa zawadi. Mzee wetu alikisimulia kisa hiki kama habari ya jirani, hata akaonyesha kwa mkono upande aliotokea fakiri. Sikuona sababu ya kumpinga.

Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa zilikuwa na maneno yenye vina, upande mmoja ukijibu mwingine. Moja ya Sultani al-Hasan ilipatikana Zimbabwe Kuu. Nyingine za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika Visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na hapa wavuvi walicheka sana niliposema, kisha mmoja akauliza swali la kibaharia: zilikwenda na pepo gani?

Saa kumi kamili mashua ilikuwa inaelea mahali bibi alipompiga pweza wake. Safari hii kusi ilikuwa mgongoni, tanga likajaa, tukawa Masoko kabla sijamaliza kufunga viatu. Jioni sina la kusimulia. Tulilala mapema gesti.

Jumapili

Kabla ya kurudi tulikwenda Kilwa Kivinje. Ningemshauri kila anayekwenda Kisiwani asiiruke, ijapokuwa ni mji unaouma.

Kivinje ulikua karne ya 19 Kisiwani ilipokuwa imedhoofika. Ni mji wa pwani ya bara, wa mwisho wa njia ya misafara kutoka Ziwa Nyasa, na bidhaa yake kubwa pamoja na pembe ilikuwa watu. Tayari mwaka 1776 sultani wa Kisiwani alikuwa amewekeana mkataba na mfanyabiashara Mfaransa, Morice, wa kumuuzia watumwa elfu moja kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Bahari ya Hindi. Kivinje ikaja kuifanya biashara hiyo kwa ukubwa zaidi. Naipenda Kilwa kwa moyo wote, na kwa sababu hiyo sitaki kuisifu dhahabu halafu nipite haraka hapa. Milango ya nakshi ya Kivinje ni mizuri. Fedha iliyoilipia ilitoka wapi, wenyeji wanajua na wanasema bila kuficha.

Tulifika maji yakiwa yamepwa. Hapa bahari haina kina. Ikiondoka inakwenda mbali sana, na mashua zinabaki zimelala ubavu kwenye matope kama ng'ombe. Boma la Wajerumani liko ufukweni, madirisha matupu. Nyuma yake kuna mtaa wa maghorofa ya zamani, roshani zimelegea, mengine yameota mizizi ya miti ukutani, na chini yake maisha yanaendelea: fundi cherehani, mama wa vitumbua, wazee wa bao.

Wazee wa bao walitukaribisha barazani. Tulipowaamkia na kusema tumetoka wapi, mmoja akaacha mchezo akatueleza kuhusu Hassan bin Omari Makunganya, aliyewasumbua Wajerumani mpaka wakamkamata na kumnyonga hapa Kivinje mwaka 1895. Mahali pale panaitwa Mwembe Kinyonga. Miaka kumi baadaye, Julai 1905, watu wa Nandete katika vilima vya Umatumbi, wilaya hiihii, waling'oa pamba waliyolazimishwa kuilima, na vita vya Majimaji vikaanza. Kinjikitile, mganga aliyewapa watu maji ya dawa, alinyongwa Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vinawaka. Shuleni tulivisoma vita hivi kwa tarehe na sababu zake. Sijawahi kuvisikia vikisimuliwa na mtu anayesema "mababu zetu kule juu" huku akielekeza kidole magharibi, kwenye vilima ambavyo basi letu lilikuwa limevipita Ijumaa bila mimi kuvitazama.

Nilimwuliza mbona mji ulipungua. Akasema bandari. Meli kubwa haziwezi kuingia Kivinje; makao ya wilaya yakahamia Masoko kwenye maji marefu, na wafanyakazi wakayafuata. Kwa hiyo Kilwa imehama ikifuata maji: kisiwani kwenye kina na usalama, kisha Kivinje karibu na misafara ya bara, kisha Masoko kwenye gati. Majina matatu ya bahari ileile.

Songo Mnara hatukwenda. Ni mji mwingine wa mawe, kusini ya Kisiwani, wa karne ya 14 hadi ya 16, wenye nyumba zilizohifadhika kuliko za Kisiwani, na kuufikia unapita kwenye mikoko ambayo maji yakikauka haipitiki. Unataka siku yake peke yake. Nahodha alishatuambia: tuje tena na bamvua, tuwe na fedha taslimu mkononi, tulale Masoko usiku wa kuamkia safari, tuchukue maji ya kunywa ya kutosha na kofia, na tumpigie simu siku tatu kabla ili ahesabu mwezi. Basi la kurudi Dar lilitupitia Nangurukuru saa saba mchana, na mpaka Somanga rafiki yangu alikuwa ameshafungua kalenda ya simu anatafuta mwezi mpevu wa Septemba.